Mrudishie Shangazi Mrija Wake

Dodoma,
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeshamaliza kupalilia kahawa na mgongo umeacha kukusumbua. Mama naye nampa shikamoo yake humu humu, maana najua amesimama nyuma yako anauliza nimeandika nini. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nasali nikiwahi. Huku ni vumbi na upepo, na ndizi zinauzwa moja moja. Mtu wa kwetu Ntobeye akiliona jambo hilo mara ya kwanza hucheka, mara ya pili hunyamaza.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ya nyumbani, Baba, unajua inavyosikilizwa. Unaiweka sauti kubwa juu ya meza, na kila apitaye uani anachangia neno. Ninayotaka kusema leo hayafai sauti kubwa. Mwalimu mmoja wa Kibimba, jirani na kwetu, aliyekuja huku kwenye semina anarudi keshokutwa, naye amekubali kuibeba barua hii. Naomba uisome kwanza peke yako kule migombani, halafu uamue nani asomewe nini. Wewe ni katekista, umezoea kuchagua somo linalowafaa waumini.

Nianze na masomo, kwa sababu mengine yote yametokea huko. Kama unavyojua, nilikuja kusoma biolojia, hasa vile viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka huu nimeongeza na masomo ya afya ya jamii. Chuo kinamruhusu mwanafunzi wa sayansi kuchanganya hivyo, mradi aweze kuvumilia ratiba. Na ratiba yenyewe inahitaji uvumilivu kweli. Maabara iko kwenye kilima kimoja, afya ya jamii iko kwenye kilima kingine, na kati yake kuna jua. Asubuhi nakuwa huku, mchana nakimbilia kule, nikifika nakuta viti vya dirishani vimeshapata wenyewe.

Mwalimu wangu wa maabara ni mama wa makamo asiyependa maneno. Sheria yake ni moja, kwamba usiseme usichokiona. Mwanafunzi akiandika "bila shaka" katika ripoti, yeye huyakata maneno hayo kwa wino mwekundu na kuuliza pembeni, umeona? Kwenye kilima cha pili yupo mwalimu mwanaume aliyefanya kazi vijijini miaka mingi kabla ya kushika chaki. Huyu hucheka sana, na sheria yake inakwenda kinyume na ya yule mama. Anasema ukingoja mpaka uone, umeshachelewa. Mgonjwa akitajwa mbele yake, haulizi kwanza anaumwa nini. Anauliza nani anamchotea maji, nani anampikia, nani analala naye chumba kimoja.

Majuma ya mwanzo nilidhani mmoja wao anakosea, na nilikaribia kuacha somo moja. Wenzangu wa maabara wanasema afya ya jamii ni ya wanaoogopa kemia. Wale wa afya ya jamii wanasema sisi wa maabara tunajua jina la kimelea kwa Kilatini lakini jina la jirani hatulijui. Mimi niliye katikati napokea matusi ya pande zote mbili. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja aliniambia mshika mawili moja humponyoka. Nikamjibu kwamba kwetu hakuna anayemenya ndizi kwa mkono mmoja.

Sasa, Baba, nirudie jambo ambalo nimelisema kila likizo. Mimi si daktari, wala masomo haya hayatanifanya daktari. Nikimaliza nitakuwa mtu wa kuchunguza vimelea na kuwaeleza watu namna ya kujikinga navyo. Sitakupa panadoli, sitakuchoma sindano, sitakugusa tumbo nikasema neno. Hilo nilikwambia wewe siku uliyotangaza kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, kwamba familia yetu imepata daktari. Nikamwambia na yule mzee jirani aliyeniletea ng'ombe asiyekula. Nilipomweleza kwamba nasoma viumbe hai, alitikisa kichwa akasema basi amekuja mahali panapostahili, kwani ng'ombe wake bado yu hai. Tatizo ni kwamba kwetu anayejisifu ndiye asiyejua kitu. Kwa hiyo kila ninapokana udaktari, nasikika kama bingwa mwenye adabu, na sifa zinaongezeka.

Ningeendelea kucheka na hayo kama si habari ya Shangazi Domitila. Ulinipigia ukaniambia dada yako anakohoa tangu maharage hayajavunwa, amepungua mpaka kitenge anakizungusha mara mbili, na usiku analowa jasho. Ukasema mmemwambia aende kituo cha afya amekataa, kwa sababu anamngoja daktari wake aje likizo. Ulilisema kwa kicheko, na ndani ya kicheko nikasikia umejivuna kidogo. Nikaomba kuongea naye. Kikohozi kilitangulia kufika kwenye simu, yeye akafuata. Nikamwambia Shangazi, mimi si daktari, nenda kituo. Akasema madaktari wazuri wote huanza hivyo hivyo.

Likizo bado iko mbali, Baba. Kifua hakiijui ratiba ya chuo.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa afya ya jamii alituambia kila mmoja achore ramani ya nyumba ya kwao, aonyeshe nani analala wapi, moto unawashwa wapi, madirisha yako wapi. Nikachora ya kwetu. Sebule, chumba chenu, jiko la nje, chumba cha kaka Gaspari na wifi, na kile chumba kidogo cha nyuma alichopewa Shangazi aliporudi kutoka Nyabusozi baada ya kufiwa na mumewe. Dirisha la chumba hicho uliliziba kwa matofali kipindi kile cha wezi wa kahawa. Ndani yake nikaandika majina ya watoto wa kaka, Neema na Deo, kwa kuwa wao ndio wanaolala na bibi yao. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akishaachishwa ziwa analala kwa bibi, huko ndiko anakosikia hadithi na kufundishwa adabu. Hata mimi nililala na mama yako mpaka nikaingia darasa la tatu.

Mwalimu alipita kwenye viti akiangalia michoro. Alipofika kwangu aliweka kidole kwenye kile chumba akauliza, "Humu ndani nani anakohoa?" Nilishtuka, kwani sikuwa nimeandika popote kwamba kuna mtu anayekohoa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hajui chochote, hilo ndilo swali analouliza kila akiona chumba kisicho na dirisha.

Kesho yake nikaenda kwa yule mama wa maabara. Siku hizo alikuwa anatuonyesha kimelea cha kifua kikuu kwenye hadubini. Ni vimelea vilivyokufa siku nyingi, vimepakwa rangi juu ya kioo, unaona vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Nikamweleza hali ya Shangazi bila kumtaja, nikauliza kama ndicho kifua kikuu. Akasema hajui, na mimi sijui, na mtu yeyote anayesema anajua kabla makohozi hayajapimwa ni mwongo. Nikavuka kwenda kilima cha pili na jibu hilo mkononi. Yule wa pili akasema ni kweli kabisa, hujui. Halafu akauliza, "Na kwa kuwa hujui, leo watoto watalala wapi?"

Nilirudi bwenini kwa miguu taratibu. Sikuona tena kwamba wanapingana. Mmoja alinikataza kumpa Shangazi ugonjwa ambao sijauona, na mwingine alinikataza kukaa kimya kwa kisingizio kwamba sijauona. Yote mawili ninayahitaji ili nikuandikie barua hii, na siku hiyo niliacha kufikiria kupunguza somo.

Ndipo nilipokupigia tena, nikakuuliza kama watoto bado wanalala na Shangazi. Ukasema ndiyo, ila nisiwe na wasiwasi, mmeshajikinga. Mmempa kibuyu chake na mrija wake, na sahani yake inaoshwa peke yake. Ukasema hata kwenye sherehe ya kipaimara pale kwa jirani, Mama alimbebea mrija wake mfukoni, akampa mbele ya kila mtu ili pasiwe na makosa.

Nikaomba apewe simu mwenyewe, apelekewe huko nyuma, na sauti kubwa izimwe. Neema akampelekea. Nilimuuliza Shangazi kwa nini hasa hataki kwenda kituo. Alikohoa, halafu akasema maneno haya, nayanakili kama alivyoyasema:

"Mwana wanje, mwanangu, hawa wa hapa wameshaniona nina ugonjwa. Nikienda huko nikakutwa nao, watasema tulijua. Nikikutwa sina, mrija wangu hawatanirudishia. Wewe njoo. Wewe utakaa na mimi nikiwa nao, utakaa na mimi nikiwa sina."

Nikamwambia apumzike.

Kwa hiyo habari ya kumngoja daktari, Baba, wala si ujinga wa mzee. Shangazi anajua vizuri kabisa kwamba mimi si daktari, huenda ndiye peke yake hapo nyumbani anayejua. Anachongoja ni mtu wa kukaa naye. Na wewe maana ya mrija unaijua kuliko mimi. Kwetu kibuyu cha pombe ya ndizi kinazunguka na mrija mmoja, huyu akivuta anampa wa pili. Anayepewa wake peke yake ni mtu aliyegombana na ukoo, au anayedhaniwa ana sumu mkononi. Yeye ni mkubwa wenu. Katika nyumba yenu ndiye aliyekuwa anafungua kibuyu, wengine wakimngoja. Nimesikia kwamba pale kwenye kipaimara aliushika ule mrija wake mpaka sherehe ikaisha, hakunywa.

Nilikasirika. Naliandika hivyo hivyo, maana ukweli ndio huo. Nilikasirika siku nzima, sikuingia hata darasani. Kisha nikakumbuka kwamba mlifanya hivyo kwa ajili ya kuwalinda watoto, na kwamba kila mtu huko kwetu amesikia ugonjwa wa kifua unakaa kwenye vyombo. Mtoto hamkaripii baba yake, na sikuandika kukukaripia. Nimeandika ili ujue nilichofundishwa, kwa kuwa wewe ndiye uliyenipeleka shule.

Kama ni kifua kikuu, na nasema kama, kwa heshima ya yule mama wa maabara, basi hakipiti kwenye mrija. Hakipiti kwenye sahani wala kikombe wala kwa kushikana mikono. Kinapita kwenye hewa. Mtu anakohoa ndani ya chumba kilichofungwa, mwingine anaivuta hewa hiyo kwa muda mrefu, usiku kwa usiku. Jua na upepo vinakidhoofisha, giza na hewa iliyosimama vinakilea. Sasa tazama tulichofanya. Tumemtenga kwenye kibuyu na sahani, pasipo na hatari, tukamwachia watoto kwenye chumba kisicho na dirisha. Sitaki kukudanganya, mrija wa pamoja una kesi nyingine kwa walimu wangu, za magonjwa ya tumbo na homa. Kesi hizo tutazisikiliza siku nyingine, na zitatuhusu sote tunaokunywa, si yeye tu.

Naomba mfanye hivi. Neema na Deo wahamie sebuleni leo, siku barua hii inapofika. Waambiwe ni kwa muda, na asiambiwe mtoto neno lolote la kumwogopa bibi. Mchana wakae naye nje, juani, wamsikilize hadithi zake kama kawaida. Kaka Gaspari atoe yale matofali ya dirishani. Wezi wakija, waje, kahawa inalimwa tena. Shangazi akikohoa azibe mdomo kwa kitambaa, na awe anakaa barazani kuliko ndani. Halafu apelekwe kituo cha afya akatoe makohozi, yale ya asubuhi akiamka, na watoto nao waangaliwe siku hiyo hiyo. Wakimkuta nacho, dawa atapewa bure, atameza kwa miezi, na atapaswa kuendelea hata akishapata nguvu na kuona amepona. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wakimkuta hana, watatafuta ni nini, kwa maana mtu hadhoofiki hivyo bila sababu.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini, kwa sababu najua hatakwenda. Huwezi kumwamuru, ni dada yako mkubwa. Mama ni wifi yake, akimwambia itakuwa vita. Mimi ni mtoto. Nilifikiri njia rahisi, kwamba umwambie daktari wake ameagiza kutoka Dodoma. Naye huenda angekwenda, kwa kunisaidia mimi nisiaibike. Lakini akienda kwa amri ya daktari ambaye hayupo, mwakani mtu mwingine wa Ntobeye atalala na homa akingoja likizo yangu, na huyo huenda asiamke. Uongo huo sitaki uanze kwangu. Mwambie wazi kwamba Spesioza si daktari. Mwambie pia kwamba anaogopa, kwani naogopa, Baba. Nikifikiria kile chumba sipati usingizi, na nikifikiria kwamba nitakuja likizo nimkute amelazwa chini ya udongo bila mtu aliyemrudishia heshima yake, nashindwa hata kusoma.

Limebaki jambo moja, na ni wewe peke yako unayeliweza. Siwezi kukuomba umwombe msamaha, sijawahi kumsikia mwanaume wa ukoo wetu akifanya hivyo na sidhani maneno yake unayo. Omba kibuyu kitengenezwe. Waite wale wale waliokuwepo kwenye kipaimara, hata wachache. Keti kando ya dada yako, hapo barazani penye upepo. Mpe akifungue yeye, avute kwanza. Akimaliza, chukua mrija huo huo, usiupanguse, uvute na wewe, watu wakiona. Usihutubie. Najua utatamani kuhutubia.

Asubuhi yake chukueni pikipiki mwende wote wawili. Nadhani hatakataa, lakini hilo ni la kwangu tu, sijaliona.

Mama namsalimu tena, na asidhani namlaumu, yeye ndiye aliyeosha ile sahani kila siku kwa mikono yake. Kaka Gaspari namsalimu, nyundo ya kutolea matofali iko nyuma ya pipa la maji. Wifi naye, mlezi wa sote, namsalimu, na asiwaze sana, watoto wakiangaliwa mapema ndiyo kinga yenyewe. Neema na Deo wabusu kwa niaba yangu.

Shangazi simwandikii salamu humu. Utampelekea wewe, kwa mdomo ule ule uliotoka kwenye mrija wake.

Ni mimi binti yako,
Spesioza